Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya violezo vya kifundo

Tangu watu wa hapa Malaba wanione natembea bila mkongojo, simu haziishi. Wengi ni madereva wa malori na vijana wa bodaboda waliovunjika kifundo cha mguu zamani, mfupa ukaunga vibaya, sasa gegedu imelika na kila hatua ni kilio. Wamesikia nilibadilishiwa kifundo India kwa violezo vya kupimiwa, nao wanataka "ile ya kompyuta".

Tuelewane kwanza: kiolezo hakibaki mwilini. Kinachobaki ni vyuma viwili, kimoja kwenye muundi, kingine kwenye mfupa ulio chini yake, na plastiki ngumu katikati. Kiolezo humwonyesha daktari pa kuchomeka pini ili msumeno ukate panapotakiwa. Changu nilikishika: nailoni nyeupe, nyepesi, namba yangu imechapwa ubavuni. Upande wa ndani umefuata mfupa wangu hadi vinundu vilivyoota baada ya ajali. Vinundu hivyo daktari haviondoi mapema, maana ndivyo vinavyokifanya kikae sawasawa.

Kazi yote hutegemea skani ya CT, yaani picha za eksirei ambazo kompyuta huziunganisha kuonyesha mfupa pande zote. Wanaounda kiolezo hawakuoni wewe, wanaona picha tu. Hospitali itakupa karatasi ya maelekezo, nenda nayo. Kule Kampala nilikopigiwa, fundi alitaka kupiga kifundo peke yake. Nikamwonyesha karatasi: na goti pia, ili unyoofu wa mguu upimwe. Ukitikisika, omba irudiwe palepale. Na uondoke na picha zenyewe kwenye CD, si filamu ya kutazamia dirishani. Kisha usikae mwaka mzima ukichangisha pesa, kwani mfupa ukizidi kuporomoka kiolezo hakitakaa.

Je, gharama inastahili? Kiolezo huokoa muda chumba cha upasuaji na hupunguza eksirei za humo ndani. Kwamba kifundo kitadumu zaidi, tafiti hazijathibitisha. Mimi ningemlipia kwanza daktari anayefanya vifundo mara kwa mara, kiolezo baadaye. Muulize bila haya: kwa mwaka anafanya wangapi?

Tena si kila mtu anafaa. Mwenye kisukari kilichomtia ganzi miguuni, mwenye usaha kwenye mfupa, mwenye damu isiyofika vidoleni, hao mara nyingi hukataliwa. Kijana anayebeba magunia naye huenda akashauriwa kufungwa kifundo, yaani mifupa iunganishwe kwa skrubu. Hakikunji tena, lakini maumivu hupungua na hakuna plastiki ya kulika. Upasuaji huo madaktari wa mifupa wa hapa Uganda wanaujua, kwa hiyo waone hao kabla ya kutafuta viza.

Ukiamua kusafiri, mtafute kwanza daktari wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia, umwachie nakala ya CD. Kidonda kikifumuka ukiwa umesharudi Malaba, ni yeye utakayemkimbilia.