Wangu ni Nargis, halafu Meena Kumari

Umeuliza mwigizaji gani wa kike wa sinema za zamani za Kihindi hasahauliki. Kwangu ni Nargis, wala sibishani na mtu. Mtazame kwenye Mother India (1957): anaanza bibi harusi, anamaliza ajuza mwenye mvi, na wakati huo hata miaka 30 hajafika. Kule mwishoni anampiga risasi Birju, mwanawe wa kumzaa, kwa kuwa kamteka binti wa kijijini. Angalia uso wake pale. Hasira, aibu na uchungu wa mama vyote unaviona kabla hajafungua mdomo. (Aliyecheza Birju ni Sunil Dutt, na mwaka uliofuata wakaoana! Wote wawili wamezaliwa Juni 1929.)

Baada yake ni Meena Kumari, hasa Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962, akiwa mke anayeanza kunywa pombe ili mumewe asitoke usiku. Ile sauti yake ilikuwa inalia hata macho yakiwa makavu.

Madhubala? Mzuri kupita kiasi, nakubali, ila kwa kuigiza namweka wa tatu.