Umekulia Unga Limited? Nenda ukawaulize wazee wako habari za kazi

Sisi tuliokulia Arusha mjini, mitaa ya Unga Limited, Ngarenaro, Levolosi, Kaloleni huko, wengi tumeshahama, mwingine yuko Njiro, mwingine Usa River, mwingine Dar kabisa, na watoto wetu wakisikia Unga Ltd wanajua ni kituo cha daladala basi. Wazee nao ndio hao wanaondoka. Kila msiba nikienda nasikia watu wanasema "aisee mzee kaondoka na mengi", na mimi inaniuma kwa sababu mzee alikuwepo pale miaka yote, ila hakuna aliyevuta kigoda akakaa naye. Nimekuwa nikirudi mtaani kuongea na wazee, kuna mambo nimeyaona yanasaidia, chukua yatakayokufaa.

Kubwa kuliko yote, usimuulize mzee "zamani mtaa ulikuwaje". Atakwambia zamani kulikuwa na heshima, watu walipendana, mtoto wa mwenzio ni wako, halafu ananyamaza, na wewe unarudi nyumbani huna kitu. Muulize kazi. Aliingia shifti saa ngapi, alipita njia gani, alibeba nini cha kula, mshahara ukitoka alianza kununua nini. Hapo mtaa mzima utajileta wenyewe, maana mtaa wetu umezaliwa na kazi. Jina lenyewe ni la kampuni ya kusaga nafaka, kabla vinu vikubwa havijawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha 1967 na kuingia NMC, shirika la umma la kusaga nafaka. Kulikuwa na Kiltex wanatengeneza vitambaa, General Tyre wanatengeneza matairi mpaka uzalishaji uliposimama 2009, kulikuwa na mashine za mbao, magereji, na reli iliyofika Arusha 1929. Watu walitoka Kondoa, Upareni, Uchagani, Mbulu, wakatafuta chumba mahali ambapo mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu. Ndio maana nyumba moja unakuta makabila manne, choo kimoja, na zamu ya kufagia uwanja inagombaniwa kwa Kiswahili.

Nikupe mfano. Kuna mzee jirani yetu alikuwa anafanya kiwandani shifti ya usiku. Nilipomuuliza kazi ilikuwa na ugumu gani nikajua ataniambia joto au mizigo, akasema hapana, shida ilikuwa usingizi wa mchana. Chumba chake kilikuwa upande wa uwanjani, bati juu, jua likipanda hakukaliki, na watoto ndio sisi tunapiga makelele. Mama mwenye nyumba ndiye aliyetoa amri kwamba hakuna mpira pale mpaka mzee aamke. Sasa mimi ndio nikaelewa kwanini utoto wetu wote tulikuwa tunachezea kule karibu na reli! Nilikuwa nadhani tulipenda wenyewe, kumbe ni shifti ya mtu.

Kwa kina mama kuna mtego. Ukimuuliza kazi atakwambia "mimi sikuwa na kazi mwanangu, nilikuwa mama wa nyumbani tu". Usiishie hapo. Muulize moto aliwasha na nini. Mama yangu alipikia jiko la vumbi la mbao, na nilipomuomba anieleweshe aliinuka kabisa akaanza kuonyesha kwa mikono: unachukua debe lenye tundu chini, unasimamisha chupa katikati, unamwaga vumbi pembeni huku unashindilia kwa mti mpaka ligome, halafu chupa unaichomoa polepole huku unaizungusha, ukiwa na haraka linabomoka lote unaanza upya. Kijiti cha moto kinapita kwenye lile tundu la chini. Likishika vizuri unainjika makande, unaendelea na shughuli zako, na kama kuna mtindi jioni mnayachanganya mnakula loshoro. Vumbi likiwa bichi ni moshi na machozi, na mwezi wa saba na lile baridi letu hakuna kitu kinakauka. Kutoka kwenye jiko akaenda mwenyewe kwenye foleni za sukari na sabuni baada ya vita ya Kagera, jinsi mtu anaacha kapu lake kwenye mstari anarudi kunyonyesha, na majirani wanalisogeza hilo kapu kama vile mwenyewe yupo. Hii yote imetoka kwenye swali la moto. Na huyo ndio mtu aliyesema hakuwa na kazi.

Kama mzee ana miguu, tembea naye. Akiwa sebuleni kwako Njiro atasema bomba la mtaa lilikuwa "kule chini", ila akifika kwenye kona anasimama, anakwambia lilikuwa hapa, foleni ya madumu ilipinda hivi, na huyu hapa ndiye alikuwa anauza vitumbua. Mchukue na mwenzake wa rika lake. Watabishana, waache wabishane, andika maneno ya wote wawili, usijifanye hakimu.

Sasa kuna sehemu inatakiwa roho ya utu. Viwanda vilipoanza kufungwa na mashirika ya umma kubinafsishwa, miaka ya 90 hasa, kuna wanaume walirudi nyumbani na hawakupata tena kazi ya kudumu. Wengine wameishi na hilo jambo kimya kimya, wengine habari ya kiinua mgongo ukiigusa tu anakunja uso. Ukiona hivyo nyamaza, mwongezee chai, ongeeni mpira. Kama anataka kusema atasema siku nyingine, na asiposema ni haki yake, ile ni maisha yake siyo maudhui yako ya mtandaoni.

Mengine ni madogo madogo. Usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai vinatosha. Salimia nyumba nzima kwanza. Omba ruhusa ya kurekodi, zima redio, simu iweke mezani isiwe mbele ya mdomo wa mtu. Usiku uleule andika majina ya vichochoro na vijiwe uliyoyasikia, maana kesho hutakumbuka yupi alisema nini. Na ukikuta albamu ya picha za studio, zile za watu wamesimama mbele ya pazia lenye maua, mwombe mwenyewe uzitoe taratibu kwenye ile plastiki na uzipige kwa simu pande zote mbili, kwa sababu nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio, tarehe, na majina ya waliosimama, na wino huo unafifia kuliko picha yenyewe.