Mabamba na Lutembe: usimtazame korongo domokiatu peke yake

Maji ya Ulaya na Siberia yakiganda, ndege wa huko wanashuka kwetu. Kuanzia Oktoba hadi Machi kingo za Ziwa Viktoria hujaa wageni, lakini wengi wanaofika Mabamba, kinamasi cha Uganda kando ya ziwa hilo, humtafuta korongo domokiatu tu; wakishampiga picha, mtumbwi unageuzwa. Inauma kuona hivyo. Domokiatu yupo mwaka mzima.

Kwenda Mabamba, feri ya Nakiwogo ni rahisi, ila kama unaitaka asubuhi yenyewe, kodi mtumbwi wa injini kutoka Entebbe moja kwa moja. Ikifika saa nne, joto juu ya maji huwafanya ndege wachezecheze kwenye darubini na rangi hazisomeki. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ya 10x ni nzuri nchi kavu, lakini mtumbwini hukuza na mtikisiko. Mwambie nahodha azime injini mapema asukume kwa upondo, na jua likae mgongoni mwenu.

Kwenye tope, pembeni mwa mafunjo, ndipo watu wanapokosea. Chamchanga, ndege wadogo wa kando ya maji, wa aina tatu hufanana. Anayetikisa mkia bila kukoma, mwenye weupe unaopanda kati ya kifua na bawa, ni Actitis hypoleucos. Mwenye madoa meupe mgongoni, miguu ya manjano, na mstari mweupe unaopita nyuma ya jicho ni Tringa glareola. Tringa ochropus ni mweusi zaidi na mstari wake unaishia jichoni. Ukibaki na shaka, ngoja aruke: chini ya bawa la ochropus ni giza, la glareola ni kijivu chepesi. Andika ulichokiona kabla hujafungua kitabu, maana picha ya kitabuni hufuta kumbukumbu upesi sana.

Jioni nenda ghuba ya Lutembe. Buabua bawa-jeupe, ndege warukao juu ya maji, hurudi kulala huko kwa makundi makubwa mno. Wamewahi kukadiriwa kuzidi milioni moja. Katika majira haya hawana ule weusi wao wa wakati wa kuzaana, kwa hiyo tazama kiuno: cheupe ni bawa-jeupe, cha kijivu kama mgongo ni buabua mwingine, Chlidonias hybrida. Tazama na doa jeusi la bawa-jeupe linaloshuka nyuma ya jicho. Ukija Machi, utakuta baadhi tayari wana mabaka meusi kifuani, wakijiandaa kurudi kaskazini.