Risasi, kisu na kichwa cha ukutani

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Baba yangu ana miaka 71. Ujanani alikuwa mwindaji, na tangu nikiwa mdogo hadithi zake zote ni za nyati. Mimi na ndugu zangu tumechanga tumpeleke nchi ya nje akawinde nyati na tandala. Nitakwenda naye, na sijawahi kuwinda. Kampuni itakayotuongoza imetuandikia tusimkate mnyama koo, kwa kuwa ngozi ya shingo ikikatwa kichwa hakitundikiki vizuri ukutani. Ustadhi mmoja akaniambia hakuna tatizo: Bismillahi ya kwenye risasi inatosha, hata tukimkuta mnyama yu hai. Baba naye anataka na chui, kwa ajili ya ngozi. Naogopa kumvunja moyo. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namfikiria mzee. Uhalali wa kuwinda haunisumbui, wala haukusumbui wewe. Kinachonisumbua ni hilo jibu ulilopewa. Si mara yangu ya kwanza kulisikia, na linawalisha watu kibudu huku wakiamini wamekula halali.

Huyo ustadhi ameshika nusu ya hadithi. Adiyy bin Hatim alikuwa mwindaji, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mbwa wake na mshale wake. Akaambiwa: ukimwachia mbwa wako, taja jina la Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo watu wanapofunga kitabu. Lakini katika riwaya iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim maneno yanaendelea: akikukamatia mnyama nawe ukamkuta yu hai, mchinje. Sasa, kama jina la Mwenyezi Mungu lililotajwa mwanzoni lingetosha kwa hali zote, amri hii ya kuchinja ingekuwa ya kazi gani? Na katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu anataja mnyama aliyenyongeka, aliyepigwa, aliyeanguka na aliyeliwa na mnyama mkali, kisha anawatoa wale mliowahi kuwachinja. Maana yake uhai ukiwahiwa, kuna wajibu. Risasi imeruhusiwa kushika nafasi ya kisu kwa sababu mnyama yuko mbali nawe na hukuweza kumfikia. Akishakuwa chini ya mkono wako, ruhusa ile imekwisha.

(Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kuharamisha risasi yenyewe, wakitaja maneno ya wanazuoni wa zamani kuhusu bunduq. Zile zilikuwa gololi za udongo, zinaua kwa kishindo. Risasi ya leo inatoboa, na mwanazuoni Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alishalieleza jambo hilo.)

Sasa tuje porini. Nyati ameanguka. Mwongozaji atamzunguka kwa nyuma, atamgusa jicho kwa fito ndefu. Jicho likicheza, atataka apigwe tena. Hapo mpigeni tena, wala msisite. Nyati aliyejeruhiwa anaweza kuinuka na kuua, kwa hiyo bado hajawa mkononi mwenu. Rafi bin Khadij amesimulia katika Bukhari na Muslim kwamba ngamia alitoroka, mtu akamsimamisha kwa mshale, na Mtume akasema mnyama anayewashinda namna hiyo mfanyieni hivyo. Mzee wa miaka 71 kumwendea nyati hai na kisu si uchamungu.

Tandala ni habari nyingine. Amevunjika mgongo, amelala, mbavu zinapanda na kushuka, mnaweza kumshika pembe. Mwongozaji, kwa kuionea huruma ile ngozi, atasema: subirini kidogo, atakufa mwenyewe. Kule kusubiri ndiko kunakomharamisha. Akifa wakati unachomoa kisu, ni halali, maana hukuzembea. Lakini kama kisu kimebaki garini, nyama hiyo si yako. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, anataja hata kisu kilichokwama kwenye ala yake: mnyama akifa wakati unahangaika kukichomoa, ni haramu, kwa kuwa uzembe ni wako.

Na hicho kichwa? Wala hamhitaji kugombana na kampuni. Waandikieni kwamba mnataka fuvu na pembe tu, bila ngozi. Fuvu huchemshwa, husafishwa, hutundikwa, na shingo mnaikata mnavyotaka. Wawindaji wengi wanapenda hivyo hata bila sababu za dini. Nyama kwa kawaida hamtaweza kuivusha mpaka kuirudisha kwenu. Italiwa kambini au itagawiwa watu wa vijiji vya jirani, na hayo ni manufaa ya kweli. Ulizeni mapema inakwenda wapi. Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, akawaambia Mtume amemlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mnyama anayeuawa akaachwa aoze, ili kipatikane kitu cha kupigia picha, hayuko mbali na ndege yule.

Ndiyo maana kwa chui siwezi kukulegezea. Haliwi, maana Mtume amekataza kila mnyama mkali mwenye chonge. Hajakuvamia wala hajala mifugo yako. Na ngozi yenyewe, Abu Dawud amepokea kutoka kwa Muawiya katazo la kupanda juu ya ngozi za chui. Najua utaambiwa kwamba kibali kipo na ada yake inalinda pori. Kibali ni lazima: chui amo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu ulipoanza kutumika mwaka 1975, na sheria ya nchi mnayokwenda inawafunga. Kenya imekataza uwindaji tangu 1977. Namibia na Tanzania zinaruhusu kwa leseni. Lakini serikali inaposema "unaweza" imejibu swali lake, haikujibu lako. Na anayetaka kulichangia pori, mchango wake utapokelewa na chui akiwa hai.

Jambo ambalo hukuuliza: nani mwingine atafyatua? Waongozaji wana desturi ya kuongeza risasi yao juu ya yako. Mtume alimwambia Adiyy, ukikuta mbwa wengine pamoja na wako usile, kwani wewe ulimtajia Mwenyezi Mungu mbwa wako tu. Mwongozaji akiwa Muislamu au katika Watu wa Kitabu, hapana shida. Akiwa hana dini, mwambieni kabla ya kutoka kambini asifyatue ila kwa kuokoa maisha. Akiokoa maisha yenu, mshukuruni, na nyama ile msile.

Gari hutoka kambini kabla hakujapambazuka, na windo la jioni hukutana na magharibi. Beba maji ya udhu, na alfajiri isikupite ukiwa umekodolea nyayo.

Hukutaja kama mzee amehiji. Fedha mlizochanga ni zenu, kwa hiyo sisemi kwamba hija imemlazimu kwa sababu ya fedha hizo. Sisi Mashafii tunasema hija ina nafasi ya kucheleweshwa, lakini mwenye miaka 71 hiyo nafasi anaihesabu vipi? Kama hajakwenda, mpeni fedha hizo achague mwenyewe. Msomee aya ya 94 ya Suratul Maida: Masahaba wakiwa katika ihramu, mwaka wa Hudaybiya, wanyama wanawajia hadi mikono na mikuki yao inawafikia, nao wamezuiwa kuwinda. Mwindaji wa zamani ataielewa aya hiyo kuliko mimi na wewe.

Habari ya chui mwambie mkiwa wawili tu, si mbele ya ndugu zako, na usianze na "sheikh amesema". Kisha mpe kazi. Kwa umri wake huenda mkono unatetemeka kwenye bunduki, na katika mikataba mingi mnyama aliyetoka damu akapotea huhesabiwa kuwa umemuua. Basi bunduki ishike wewe kwa wanyama wa mbali, baada ya kufanya mazoezi ya kutosha nyumbani, na kisu akishike yeye. Kinolewe, kisafiri ndani ya sanduku la mizigo, na mkifika kambini akichomoe kwenye ala mara kadhaa mbele yako uone kama hakikwami.

Wallahu aalam.