Kimeo kinasingiziwa

Swali lenu la wiki hii: mtoto akikohoa siku kumi na bibi yake akashikilia apelekwe kukatwa kimeo, ungefanyaje? Mimi nisingempeleka. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Urambo, na mzozo huu hunijia dirishani mara kwa mara, mama na mkwewe, kila mmoja na lake.

Mwambie mtoto aseme "aaa", ummulike kwa tochi ya simu. Kile kinachoning'inia katikati ndicho kimeo, na kila mtu anacho. Mafua yakishika, koo huvimba na kimeo nacho huvimba, kikaonekana kirefu. Bibi akichungulia anakibambikia kesi. Kumbe mara nyingi ni kamasi za puani zinazoteremka nyuma ya koo, hasa mtoto akilala, zikamkereketa akaamka anakohoa. Mafua ni virusi. Pua hutulia baada ya wiki moja hivi, ila kikohozi huweza kujikokota wiki mbili na ushee. Sasa tazama: watu huenda kwa mkata vimeo siku ya kumi, kikohozi chenyewe kikiwa kinaaga. Kikiisha, sifa anachukua yeye. Mtoto akitoka na damu isiyokata, pepopunda au virusi vya Ukimwi kwa wembe uliopita midomo mingine, hapo inasemwa ni bahati mbaya!

Mimi huwaambia wampe vinywaji vya vuguvugu, matone ya maji ya chumvi puani, na parasetamo kwa uzito wake kama ana homa. Asali kwetu Tabora haina shida: kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza kikohozi. Ila mtoto asiyefikisha mwaka asipewe kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya kichanga. Msimu wa kukausha tumbaku msimlaze karibu na bani, lile banda la kukaushia, moshi ule unamchokoza koo bure. Na vile vidonge vya rangi mbili ambavyo kila mtu ananiomba, yaani antibiotiki za kuua bakteria, havigusi virusi.

Mafindofindo ni habari nyingine. Mtoto wa shule ana homa, kumeza kunamuuma, mafindo yana usaha mweupe, tezi za chini ya taya zimevimba, wala hakohoi: huyo huenda ana bakteria, akapimwe. Akiandikiwa amoksilini ya siku 10, azimalize zote hata kama siku ya tatu anacheza mpira, kwani bakteria hao wakiachwa huweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo. Kukata mafindofindo kupo, lakini ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo, kwa anayeugua tena na tena au anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini.

Dukani kwangu msije kama mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika, mbavu zinabonyea, anavuta hewa kwa mlio hata akiwa ametulia, au anashindwa kunywa. Nendeni moja kwa moja kituo cha afya. Kikohozi kikivuka wiki mbili pia aende, aangaliwe kifua kikuu na pumu.

Na kama ameshakatwa, akawa anatokwa damu au taya linakaza, msimsubiri aliyemkata aje kutazama. Mkimbizeni hospitali, na mkifika semeni wazi kwamba amekatwa kimeo. Wengi huficha kwa aibu, daktari akapoteza muda akitafuta chanzo.