Maswali ya Wasomaji: Nepal na mlango wake mmoja

SWALI: Asalaam aleikum. Nafanya klaringi hapa Mombasa, mizigo ya Uganda zaidi. Nimesikia karibu thuluthi mbili ya biashara ya Nepal ni na India, ilhali wamepakana na China pia. Mbona wasigeukie upande wa pili? — Msomaji, Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam. Lifuate kontena. Nepal haina bahari, kwa hiyo likishushwa Kolkata, bandari ya India, forodha ya India hukagua hati, likatiwa sili, kisha treni hulivuta kama kilomita 700 hadi bandari kavu ya Sirsiya, Birgunj, mji wa Nepal ulio mpakani. Reli inaingia mpaka ndani ya yadi. Upande wa China, bandari ya Tianjin iko zaidi ya kilomita 3,000, na vituo vya mpakani, Rasuwagadhi na Tatopani, viko kwenye mabonde ya Himalaya. Kusi hii inayochafua bahari yetu ndiyo inayowashushia mvua kule, na milima ikaporomoka juu ya barabara. Tatopani ilifungwa na tetemeko la Aprili 2015, ikafunguliwa 2019. Ruhusa ya kutumia bandari za China wanayo. Nauli ndiyo inayowashinda.

Fundo lenyewe ni mafuta. Petroli, dizeli na gesi hutoka Indian Oil, kampuni ya serikali ya India, tangu 1974. Septemba 2015, katiba mpya ilipopitishwa, Wamadhesi, watu wa tambarare za kusini mwa Nepal, waliandamana kuipinga, wakakaa kwenye daraja la Birgunj na malori yakakwama. Nepal ikailaumu India kwa kuwazibia njia, India ikakana. Mambo yalikaa hivyo hadi Februari 2016. Mtungi wa gesi wa kilo 14.2 ukawa unajazwa nusu, kilo 7.1, ili kila jiko lipate kidogo. China ilitoa msaada wa lita milioni 1.3 za petroli. Kwa nchi nzima, hayo ni ya siku chache tu.

Tangu 2019 kuna bomba la kilomita 69 kutoka Motihari, India, hadi Amlekhgunj, Nepal. Dizeli haingojei tena darajani, lakini koki bado iko kwa jirani yuleyule. Kwa maoni yetu wangeanza na matangi ya akiba. Mwanzoni mwa 2008, reli ilipong'olewa Kibera katika ghasia za baada ya uchaguzi, Kampala nayo ilipanga foleni ya petroli. Wewe ulikuwa upande wenye ufunguo.

SWALI: Ni kweli rupia ya Nepal haiachani na ya India? Wanapata faida gani? — Msomaji, Majengo

JIBU: Kweli. Tangu 1993, rupia 100 za India ni 160 za Nepal. Muuza mchele hana hofu ya thamani kubadilika kabla hajalipa deni. Ila bei zikipanda India, hazichelewi kuvuka mpaka. Tena Nepal inanunua India zaidi kuliko inavyouza huko, kwa hiyo benki kuu huuza dola ipate rupia za India. Dola hizo nyingi hutumwa nyumbani na Wanepali walioko Ghuba na Malaysia, yaani kibarua wa Doha ndiye anayechangia dizeli ya Birgunj.