Theluji ya kwanza: anza kwenye tuta la reli

Mpwa wangu anaondoka Nakuru mwezi huu kwenda kusomea uuguzi karibu na Seattle, Marekani. Juzi tukiwa jikoni akaniuliza, "Shangazi, hiyo skii mtu huanzaje bila kuvunjika mguu?" Nilimweleza habari za skii, vile vibao virefu vya kufunga miguuni ili uteleze juu ya theluji, hadi chai ikapoa. Nayaandika hapa kwa sababu najua kuna wengine Kisumu, Kericho na Eldoret wanaofunga mizigo.

Nilikaa jimbo la Washington miaka sita nikitunza wazee mjini Kent. Msimu wa kwanza wa baridi nilitoka nyumbani kwenda kazini na kanisani tu, na moyo ukanilemea vibaya. Jumamosi moja mwenzangu wa zamu akanipeleka Snoqualmie Pass, mahali ambapo barabara kuu inavuka milima ya Cascade, kama saa moja kwa gari kutoka Seattle. Siku ile ndiyo iliyoninusuru.

Pale pako mita 920 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu yenyewe, kando ya ziwa, imepita mita 1,100, na Nakuru ni kama 1,850. Sisi tumezaliwa juu zaidi. Wao wana theluji kwa kuwa wako mbali na ikweta, na hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hugonga milima ile ikapanda na kupoa. Basi usihofu kuishiwa pumzi.

Skii ninazozungumzia si zile za kuporomoka mlimani unazoziona kwenye runinga. Hizi ni nyembamba na nyepesi, buti hushikwa mbele tu, kisigino kinainuka kama ukivaa slipa. Ukienda kukodi, omba zenye magamba chini, kama ya ngege. Magamba hushika theluji unapojisukuma, na hutahitaji kupaka nta.

Mahali pa kuanzia ni Hyak, hapo hapo Snoqualmie. Njia yake ni tuta la reli ya zamani ya Milwaukee Road, ambayo treni zake ziliacha kupita mwaka 1980, na sasa inafuata ukingo wa Ziwa Keechelus. Treni haipendi mlima mkali. Aliyekulia kando ya reli ya Nakuru kwenda Kisumu ameona inavyozunguka kuutafuta mteremko mpole kule Mau. Kwa hiyo pale utapata kilomita nyingi karibu tambarare, na mashine huchora mifereji miwili ya kuingiza skii zako. Usiikanyage kwa viatu, unawaharibia wenzako. Kibali cha kuegesha gari, na kile cha ziada cha njia zilizotengenezwa, kinunue kabla ya kuondoka nyumbani.

Sasa nguo, na hapa naomba unisikilize sana. Sisi tukisikia baridi tunajifunika. Mimi nilivaa jinzi, fulana ya pamba, sweta mbili na jaketi zito. Baada ya dakika ishirini mgongo ulikuwa umelowa jasho. Tulipokaa kula, jasho likageuka maji ya barafu, meno yakagongana, nikashindwa hata kufungua chupa ya chai. Pamba ikilowa haikupi joto lolote. Vaa nguo nyepesi ya sufu au ya polyester iliyogusa ngozi, kisha jaketi jepesi la kuzuia upepo, na ile nzito ibaki ndani ya begi mpaka utakaposimama. Ukianza safari ukihisi kijibaridi, umevaa sawasawa.

Kuanguka utaanguka. Lala chali, inua miguu, uzitenganishe skii, zilaze sambamba upande mmoja, piga magoti kisha simama. Kwenye mteremko mdogo, kutanisha ncha za mbele na usukume visigino nje, utapunguza mwendo.

Mwezi wa Desemba jua huzama kule saa kumi na dakika ishirini hivi jioni, si saa kumi na mbili na nusu kama kwetu. Geuka mapema. Na kila asubuhi soma taarifa ya maporomoko ya theluji na hali ya barabara. Wakisema usiende, usiende.

Asikwambie mtu kwamba huu si mchezo wetu. Philip Boit wa Eldoret alishiriki mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mstarini amkumbatie.

Mpwa wangu alitaka kujaribu papo hapo. Nikamvua viatu, abaki na soksi kwenye sakafu ya simiti iliyong'aa. Nikamwambia asitembee. Kunja magoti, tupa uzito wote mguu wa kulia, teleza, subiri, kisha uhamishie wa kushoto. Mara tatu alishika ukuta. Mara ya nne alitoka kwenye sinki hadi mlangoni mikono ikiwa huru, akageuka akaomba arudie.